Dereva Tuliyemwamini

Nezugai, kijiji chetu cha milimani huko Japani, ilikuwa na nyumba ishirini na tatu na mtoto mmoja. Mtoto huyo aliitwa Wakana. Alikuwa na miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, na maneno hayamwishi mdomoni. Shule yetu ilifungwa zamani kwa kukosa watoto, kwa hiyo kila asubuhi alishuka bondeni kwa miguu, kilomita mbili na nusu, hadi kituo cha basi la shule. Kwenye begi lake zilining'inia njuga mbili za kufukuzia dubu. Shingoni alikuwa na filimbi, na kwenye mkanda wa begi king'ora kidogo cha kuvuta uzi endapo mtu asiyemjua atamsemesha. Ukimsikia anapita ungedhani wahamaji wamebeba sufuria. Sisi wazee tulitoka milangoni kumpungia mkono, tukajisifu kwamba mkoa mzima hakuna mtoto anayelindwa kama wetu.

Ninasema "sisi wazee" ingawa nina hamsini na tisa. Kwetu huo ni umri wa msichana wa kumimina chai.

Naitwa Sawako. Niliolewa hapa miaka thelathini na mitatu iliyopita, na muda wote huo nimeishi nyumba moja na mkwe wangu, Mzee Yonezo, baba wa mume wangu Tetsuro. Mwaka ule Baba alikuwa na miaka themanini na mitano. Alikuwa mtu mwema, nalisema hilo bila kejeli, maana wema wake ndio uliotumaliza. Kwa miaka arobaini alisimamia maji ya mashamba ya mpunga, na hakuna mtu aliyewahi kumlalamikia kwamba alipendelea. Leseni yake ya udereva ilikuwa ile yenye mstari wa dhahabu, wanayopewa wasio na kosa hata moja barabarani. Aliiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, kando ya picha ya marehemu mke wake, akiitoa tu alipotaka kuendesha.

Wazee wa umri wake hupimwa akili kabla ya kupewa leseni upya. Wanaonyeshwa picha, kisha wanaulizwa wameona nini. Miaka miwili kabla ya hapo nilimfanyisha mazoezi mwezi mzima pale jikoni kwa kitabu nilichonunua dukani. Ngoma, simba, jiko, kidole gumba. Akisahau nilimchokoza, "Baba, simba kakimbilia wapi tena?" naye alicheka hadi machozi. Alifaulu. Nikapika wali wa maharage mekundu, tukasherehekea. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu ahitaji mwezi mzima kumkumbuka simba.

Sasa niseme nilichokijua, na nilikijua lini.

Mwezi wa tisa, Baba alirudi kutoka mjini na pikapu yake ndogo nyeupe ikiwa imebonyea mbele, kioo cha pembeni hakipo, na mabua ya mpunga yamenasa kwenye taa. Alisema amegusa kigingi. Akavua viatu, akaketi, akaomba chai. Nusu saa baadaye mtu akabisha hodi. Alikuwa Thinh, kijana wa Kivietinamu aliyeletwa kwa mkataba kufanya kazi kwenye mabanda ya uyoga kule juu. Suruali ilikuwa matope mpaka kiunoni, na mkononi ameshika gurudumu la baiskeli lililopindika.

"Samahani, mama," akasema. "Mimi sijaumia. Lakini babu alikuja upande wangu. Upande wangu kabisa."

"Barabara ile nyembamba," nikamwambia. "Na nyie vijana mnaendesha baiskeli kama mnakimbizwa."

Alinitazama bila hasira. "Mama, nilikuwa nimesimama. Nilipiga kelele. Babu alinitazama hivi, machoni, kisha akaja."

Nilimwambia nitamtafutia gurudumu jipya. Nilimjazia mfuko wa mapeasi ya shambani kwetu, nikamwomba asilikuze jambo. Aliinama mara tatu, akashukuru, akaondoka anasukuma baiskeli. Nilisimama mlangoni na aibu imenijaa, lakini aibu haikunizuia kufunga mlango.

Jioni ile, Baba alipoingia kuoga, nilimwambia Tetsuro achukue ufunguo.

"Ukimnyang'anya Baba gari umemzika," akasema.

"Na akimgonga mtu?"

"Kamgonga nani? Kagusa kigingi."

"Tetsuro, kijana kaja hapa na gurudumu mkononi."

"Kijana gani? Yule wa uyoga? Jana kaja, kesho kutwa kaondoka, leo unamwamini kuliko Baba?" Akapunguza sauti, maana bafuni maji yalinyamaza. "Kliniki ataendaje? Kwa mguu, na dubu hawa? Mimi niko kiwandani, wewe uko kazini. Acha, Sawako. Usituletee uchuro."

Jumapili akachukua nyundo akanyoosha bodi. Alifanya kazi nzuri, ukipita mbali huoni kitu. Nami nikavaa miwani ya mbao kama yeye.

Mwezi wa kumi dubu wakaanza. Miti ya kokwa ya msituni haikuzaa mwaka ule, wakashuka na njaa yao. Mmoja alivunja ghala la mwenyekiti wetu, Mzee Sugae, akala pumba za mchele gunia zima. Bonde la pili dubu alimrarua uso mtu aliyekuwa akiokota uyoga. Kila asubuhi kipaza sauti cha kwenye nguzo kilitangaza dubu kaonekana wapi na saa ngapi. Watu waliacha kutembea. Hata Bi Fumie, ambaye nyumba yake ni hatua ishirini kutoka jumba la mikutano, alikuja mikutanoni kwa gari.

Katika siku hizo hizo, Wakana alinikuta barabarani napalilia maua. Njuga zilitangulia, naye akafuata.

"Bibi Sawako, yule kaka wa uyoga kanisemesha!"

"Kakwambia nini?"

"Kasema nikiona pikapu nyeupe nishuke mtaroni, nisubiri ipite, halafu ndio nipande."

"Pikapu nyeupe ipi?"

"Ya Babu Yonezo. Bibi, si mtaroni kuna vyura? Mimi vyura siwataki."

Niliacha kupalilia. "Umemwambia mama?"

"Nimemwambia mwalimu. Mwalimu kasema mtu tusiyemjua akitusemesha tuseme hapo hapo. Na nilivuta uzi! King'ora kikalia, yule kaka akakimbia na baiskeli yake." Akacheka na pengo lake.

Kesho yake kipaza sauti kikatangaza. Mwanamume wa miaka ishirini na kitu, anayedhaniwa kuwa raia wa nje, alimsemesha mwanafunzi wa kike katika eneo la Nezugai. Wazazi na wakazi wawe macho. Alichomwambia hakikutajwa. Yalitajwa mavazi yake, na rangi ya baiskeli, ambayo gurudumu lake moja lilikuwa jipya, nililomnunulia mimi. Watu walianza kufunga milango kwa ufunguo, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe. Haikuisha wiki, mwenye mabanda akamhamishia kijana mkoa mwingine ili kukata maneno. Mimi ndiye mtu pekee kijijini aliyejua maana ya yale maneno yake. Sikutia neno.

Mwisho wa mwezi tukakutana kwenye jumba la mikutano kuamua Wakana atafikaje kituoni. Manispaa ilimtuma kijana mwenye tai. Alikuja kutueleza habari ya kile kigari kisicho na dereva, kinachokwenda polepole kwa kufuata mstari uliolazwa barabarani. Kule chini kilikuwa kinabeba wazee tangu majira ya kuchipua. Sasa manispaa ilikuwa tayari kukipandisha hadi kwetu, kimbebe mtoto asubuhi na wazee mchana. Nilikuwa nazunguka na birika, na aliposema hivyo nusura niliangushe kwa furaha. Nilijiona nimeokoka bila kufungua mdomo.

"Si ndicho kile kilichosimama saa nzima kwa ajili ya mfuko wa plastiki?" akauliza Bi Fumie.

"Kilikuwa kinahakikisha usalama, bibi," akasema kijana.

"Usalama wa mfuko!" Jumba zima likaangua kicheko.

"Na dubu akitokea mbele?" akauliza Mzee Sugae. "Kitamsalimia? Kitamwomba kitambulisho?"

"Kitasimama, na mtoto atakuwa ndani, milango imefungwa."

"Kikiharibika je? Kikichezewa na wahuni huko kwenye mitandao? Mwanangu, huyu ni mtoto wetu wa pekee. Umkabidhi kwa sanduku lisilo na macho?"

"Tangu kianze hakijamgusa mtu, mzee."

"Bado," akasema Sugae, na watu wakapiga makofi.

Ndipo akasimama Mayuko, mama yake Wakana. Alimlea mtoto peke yake, na kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ambako zamu inaanza alfajiri. Aliinama hadi paji la uso likakaribia mkeka.

"Naomba radhi kwa kuwasumbua wote," akasema. "Saa kumi na moja nikitoka namwacha bado amelala, anaamka na saa ya mezani, anajifungia mlango mwenyewe. Kuna dubu. Kuna yule mtu, sawa kaondoka, lakini wako wengine. Niko kazini nageuza wazee wa watu, roho yangu iko huku. Sijui nifanye nini."

Vichwa, kimoja baada ya kingine, vikageukia kona aliyokaa Baba.

"Mzee Yonezo si yupo?" akasema Bi Fumie.

"Miaka sitini usukani, hata kuku wa mtu hajamkanyaga," akasema Sugae. "Yonezo, leseni yako bado ni dhahabu?"

"Bado," akasema Baba, akajinyoosha mgongo. Tangu mama mkwe afariki sikuwahi kumwona amependeza vile. "Mama Wakana, usiwe na wasiwasi. Kuanzia kesho mtoto ni wangu."

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya Mayuko nikimmiminia chai. Nilimtazama Tetsuro ng'ambo ya chumba, akatazama mikono yake. Ilikuwa nafasi yangu, na nilikuwa na sentensi mdomoni, fupi tu, Baba haoni vizuri tena. Lakini mkwe mwanamke hamvunjii heshima baba wa nyumba mbele ya nyumba ishirini na tatu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mayuko akanigeukia macho yamemjaa machozi, akainama. "Dada, ahsante. Mmeniokoa." Nami nikainama, nikamwambia chai ni ya moto, anywe taratibu.

Pikapu ile ina viti viwili tu. Mara ya kwanza nilisema nami nitakwenda, Baba akacheka, "Utakaa wapi, nyuma na majembe?" Kwa hiyo kila asubuhi saa moja Wakana alikuja kwetu anapiga kelele za njuga, nami nikamweka kitini, nikamfunga mkanda, nikauvuta mara mbili. Nilinunua mto wa kumwinua. Nilimwambia Baba aende taratibu, naye akasema ndiyo, na kweli alikwenda taratibu. Siku ya nne nilipiga simu polisi, kwenye ile namba ya ushauri kwa familia zenye madereva wazee. Mwanamke mwenye sauti nzuri akaniuliza jina. Nikakata. Siku ya tisa nilificha ufunguo kwenye chombo cha mchele. Baba aliutafuta nusu saa, akizunguka vyumba kama mtu asiyeijua nyumba yake, na mtoto amesimama uani anaogopa kukosa basi. Sikustahimili kumwona vile. Nikajifanya nimeuokota chini ya kabati.

Siku ya kumi na saba, Alhamisi, asubuhi ilikuwa ya baridi lakini barabara ilikuwa kavu. Kipaza sauti kilitangaza dubu kaonekana upande wa pili wa mto, mbali na sisi. Wakana alinieleza kwamba jino limeanza kuota, akanivuta kidole nilishike. Nililishika. Nikamfunga mkanda. Wakaondoka.

Kwenye kona ya ghala la zamani la ushirika barabara inateremka, kisha inakata kushoto kabla ya mfereji mkubwa wa zege. Baba alipaswa kukanyaga breki. Alikanyaga mafuta. Wakaguzi walisema alikanyaga hadi mwisho na hakuachia. Pikapu ilipiga ukingo wa mfereji kwa upande wa abiria. Baba alivunjika mbavu mbili. Wakana alifia ndani ya ambulansi kabla hawajafika kwenye daraja la mtoni.

Polisi walipomuuliza Baba hospitalini, alisema dubu alikatiza barabara. Sijui kama alidanganya. Nadhani alitafuta kichwani, akakuta nafasi tupu, akaweka pale kitu ambacho sote tulikuwa tunakitaja kutwa. Polisi hawakuona nyayo wala unyoya. Kijiji hakikuhitaji nyayo. Kufikia jioni Nezugai nzima ilikuwa inasema dubu. Mzee Sugae alikuja kwetu, akamshika Tetsuro mabega, akamwambia, "Yonezo alimkwepa dubu ili amwokoe mtoto. Watu wajue hivyo." Bi Fumie alituletea supu.

Wawindaji wakatega. Siku ya tano dubu jike akaingia kwenye mtego wa chuma nyuma ya ghala la Sugae, wakampiga risasi humo humo. Walipompasua tumbo lilikuwa na pumba tu. Watu walikwenda kumtazama wamevaa viatu vyao vya shamba, wakatikisa vichwa, wakarudi nyumbani wametulia. Kesho yake Sugae alikwenda kwa Mayuko kumwarifu kwamba limekwisha. Mayuko alimshukuru kwa usumbufu wake.

Baba aliletwa nyumbani. Leseni ilichukuliwa na polisi, na pikapu ikabebwa na winchi. Kliniki sasa anapelekwa na kile kigari, maana manispaa ilikileta hata hivyo. Wazee wote wanakipanda. Bi Fumie anasema viti vyake ni laini.

Siku ya arobaini na tisa baada ya kifo, kwa desturi yetu, wafiwa hupita nyumba kwa nyumba kurudisha zawadi kwa waliotoa rambirambi. Nilidhani Mayuko kwetu hatafika. Alifika mchana, Tetsuro yuko kazini na Baba amelala chumba cha ndani. Alikuwa amevaa nyeusi na amekonda. Alinipa kwa mikono miwili kisanduku cha majani ya chai kilichofungwa kwa karatasi nyeupe, akainama, akasema maneno yote yanayotakiwa kusemwa, kwamba familia yetu ilimpa Wakana upendo alipokuwa hai. Nilipokea.

Hakuondoka. Alikaa pale kizingitini, miguu yake bado chini kwenye viatu.

"Dada," akasema, "kulikuwa na dubu?"

Nilisikia Baba akikohoa ndani.

"Hakukuwa na dubu," nikasema.

"Wote wanasema."

"Hakukuwa na dubu, Mama Wakana. Baba alikuwa hawezi tena kuendesha. Mwezi wa tisa alimgonga yule kijana wa uyoga, baiskeli yake ikapindika, tukaficha. Kijana alimwambia Wakana akae mbali na gari letu, ndiyo maana alimsemesha. Nilijua hayo yote. Siku ile ya mkutano nilijua, na kila asubuhi nilijua."

Nilipiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye mbao, nikaliacha pale. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Nilisema kwamba sikuweza kumwaibisha Baba mbele ya watu, kwamba nilitafuta njia, kwamba nilipiga simu, kwamba nilificha ufunguo. Nilijisikia nikisema na sauti yangu ikanichukiza.

Alipozungumza hakupaza sauti. Alizungumza kama anayenieleza njia ya kwenda mahali.

"Si lazima ungemwaibisha Baba," akasema. "Ungenidanganya. Ungenijia jioni ile, mimi na wewe tu, ukaniambia mtoto wangu mchafu, humtaki kwenye gari lenu. Ungesema ana kelele. Ungesema lolote. Ningekuchukia, Dada. Ningekusema kwa kila mtu, ningepita hapa mlangoni pako bila salamu mpaka mmoja wetu afe." Akavuta pumzi. "Na mwanangu siku moja angefika kidato cha kwanza, akikuamkia kwa siri."

Alisimama, akapangusa sketi yake. Akainama tena, akaomba radhi kwa kunichukulia muda.

Sikuwahi kuwaza kitu kama hicho. Niliwaza polisi, niliwaza ufunguo, niliwaza heshima ya nyumba, lakini kuchukiwa na jirani mmoja hakukunijia akilini hata mara moja.